Hamu ya kula ukiwa na masharti ya figo: nyama ya Msalato, ubuyu na mlenda wa mama

Mbukwa jamani. Leo nataka niongelee hamu, hii hamu ya chakula inayomkaba mtu ambaye daktari kamwambia hiki acha na kile punguza, maana tukikaa kwenye benchi pale kliniki ya figo tunaongea dawa, tunaongea presha, tunaongea bei ya vipimo, lakini ukiniuliza usiku kinachoninyima usingizi ni nini sio dawa, ni ubuyu. Au nyama choma ya mnadani Msalato, huku kwetu Dodoma, ile yenye mafuta yanayodondokea kwenye mkaa. Na ukisema hivo mbele za watu unaonekana mlafi, hujali afya yako, kumbe sio kweli kabisa, hamu inampata hata mtu anayejali sana.

Nianze na masharti yenyewe ili tuelewane. Figo zangu zimeharibiwa na presha, sijafika kwenye kusafishwa damu na namuomba Mungu nisifike, lakini potasiamu, aina ya madini yanayotoka kwenye chakula, ilianza kupanda kwenye damu, kawaida inatakiwa iwe kati ya milimoli 3.5 na 5.0 kwa lita na mi nlikuwa nimevuka. Figo nzima zinaitoa kwenye mkojo, zikichoka inabaki kwenye damu, na ikizidi sana inavuruga mapigo ya moyo, moyo unaweza kusimama hivihivi. Alafu kuna chumvi, ambayo inapandisha presha na kujaza maji mwilini. Kwaiyo nikapewa masharti ya vyote viwili, na nyama nikapimiwa, kiganja cha mkono bila vidole.

Shida ni kwamba masharti haya yanagombana na kila ushauri wa afya unaoujua. Mtandaoni unaambiwa kula dona, kula maharage, parachichi, ndizi mbivu, kunywa dafu, kunywa maji uliyochemshia mboga maana ndo yenye madini. Sasa hayo madini ndo mi nayakimbia! Mtaalam wa lishe kaniambia sembe, wali mweupe, kabichi, na mboga za majani nizichemshe maji mengi nimwage yale maji. Ndugu zangu wakiona namwaga maji ya mboga wanaumia kabisa, shangazi alitaka kulia. Naongea ya kwangu lakini, kuna wagonjwa wa figo potasiamu yao iko sawa na hawajakatazwa hata ndizi, kwaiyo usibebe masharti yangu ukayapeleka jikoni kwako, nenda na majibu yako ya damu.

Haya, hamu. Mwanzoni nlikuwa naipiga vita, nasema sitaki hata kuona, napita njia nyingine ili nisipite kwenye mabanda ya chipsi, na haikusaidia, ilikuwa inanirudia usiku kwa nguvu zaidi. Kilichokuja kunisaidia ni kuikalisha chini na kuiuliza we unataka nini hasa. Yani hamu ya nyama choma ukiichambua sio hamu ya kitu kimoja. Kuna harufu ya moshi, kuna limau, kuna pilipili, kuna kutafuna kitu kigumu kidogo, kuna mafuta, kuna chumvi, na kuna ile kukaa na watu wako Jumamosi mnadani mnacheka. Katika vyote hivyo mi nimekatazwa chumvi na wingi wa nyama tu. Vingine vyote bado vyangu.

Kwaiyo Msalato nakwenda. Nawahi mapema kidogo kabla moto haujazidiwa na wateja, namtafuta mchomaji ninayemjua, namwambia kaka nichomee changu pembeni kabla hujanyunyizia yale maji ya chumvi. Siku ya kwanza alinitazama sana, "dada yangu, nyama bila chumvi si utakuwa unatafuna mpira?" Nikamwambia nipe limau mbili na pilipili mbuzi, niachie mwenyewe. Nyama ikitoka jikoni bado inalia naikamulia limau palepale, joto linainyonya, alafu pilipili naiponda kwa kisu juu ya ubao inaenea kwenye kila kipande, na pale kwenye ukingo ulioungua kidogo ladha ya moshi ni kali mpaka unasahau chumvi. Kachumbari naomba ya kabichi na kitunguu, nyanya wasiniwekee. Nakula kiganja changu, nyingine wanamaliza wenzangu, na sijisikii mgonjwa. Sa hivi yule kaka ananiona kwa mbali ananiambia yako ipo pembeni.

Na ulimi unazoea jamani, naomba mniamini kwenye hili. Wiki za mwanzo chakula kisicho na chumvi ni adhabu, lakini baada ya wiki kadhaa ulimi unarudi, unaanza kuisikia chumvi iliyomo kwenye vitu ambavyo zamani hukuisikia kabisa, mkate kwa mfano, mkate una chumvi! Supu ya asubuhi pale kantini nlionja kijiko kwa mwenzangu nikashindwa kumeza. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hapo wanahesabu yote, ya kwenye mkate, ya kwenye kiungo cha pakiti, yote. Nina ombi moja hapa, na ni la kufa na kupona: ukiona dukani chumvi imeandikwa ni ya wagonjwa wa presha, ina sodiamu kidogo (sodiamu ndo ile ya kwenye chumvi inayopandisha presha), soma pakiti. Nyingi kati ya hizo wametoa sodiamu wakaweka kloridi ya potasiamu. Kwa mwenye presha peke yake inaweza kumfaa, kwa mwenye figo kama zangu ni sumu. Jirani mwema anaweza kukuletea kama zawadi kwa upendo kabisa.

Ubuyu ndo umenitesa. Kukaa Dodoma bila ubuyu ni kazi, mibuyu imekuzunguka kila upande, ofisini kuna dada ana pakiti ya ubuyu wa rangi kwenye droo yake na anamumunya kuanzia saa nne. Ubuyu una potasiamu nyingi mno, ukwaju nao hivohivo, kwaiyo huko hakuna cha kujadili. Lakini nikaona ninachokitaka ni uchachu, na kitu cha kushughulisha mdomo wakati nafanya kazi. Msimu wa maembe nabeba embe bichi, slesi chache, na pilipili bila chumvi, na msimu ukiisha nagandisha maji ya limau yenye sukari kidogo sana kwenye kile kitreya cha barafu, namumunya kipande kimoja kimoja. Na hiyo barafu inasaidia pia kiu ya Oktoba na Novemba, lile joto kavu la kabla ya mvua, kwa wale mliopimiwa maji ya kunywa mnanielewa, kipande cha barafu kinakaa mdomoni muda mrefu kuliko funda la maji.

Zabibu ni habari njema! Mtu wa Dodoma ukiambiwa una figo unaanza kuziaga zabibu kabla hata hujauliza. Uliza kwanza. Zabibu mbichi ni katika matunda yenye potasiamu ya chini, gramu 100 zina kama miligramu 190, wakati ndizi moja ya wastani inafika kama 400. Ila zikikaushwa ni hatari, gramu 100 za zabibu kavu zinakaribia miligramu 750, ni tunda lilelile limetolewa maji likabaki na madini yake yote. Huku kwetu zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, kwaiyo zikija za Hombolo au Makutupora mi nakula kibakuli kidogo baada ya chakula cha mchana na moyo wangu umetulia.

Mlenda nao una habari yake. Mama yangu Mgogo wa hukuhuku, kwake ugali wa uwele na mlenda ndo chakula, vingine ni vya kusogezea muda. Mlenda wake ni wa majani makavu ya kusaga, na karanga, na magadi ili uvutike vizuri. Sasa majani makavu potasiamu, karanga potasiamu na fosforasi, madini mengine yanayozielemea figo, magadi ni sodiamu tupu. Nilipomwambia sitakula alinyamaza, alafu akasema "basi mwanangu mi sina kingine cha kukupikia." Hapo nikaelewa kwamba kukataa chakula cha mama sio jambo la figo peke yake. Tukakaa wote jikoni. Tukachukua bamia chache, tukazikatakata, tukazichemsha tukamwaga maji ya kwanza, tukapika na kitunguu na nyanya nusu, magadi hapana. Ute ukapungua kidogo, lakini unavutika, na ugali ukawa wa sembe. Mama akaonja akasema haujawa mlenda, ila unakulika. Sa hivi nikienda nakuta keshanitengea sufuria yangu, na hataki mtu mwingine aiguse.

Kuna hamu nyingine ambayo watu wanaificha kwa aibu, ya udongo. Ule wa sokoni, wa vipande, wanawake tunaujua. Au kutafuna barafu kutwa nzima, au mchele mbichi. Mi ilinishika ya udongo, nasikia harufu ya mvua ya kwanza kwenye vumbi mate yanajaa mdomoni. Nikamwambia nesi, hakunicheka hata kidogo, akanipima wingi wa damu, ikawa chini na madini chuma yamepungua. Figo zikichoka na damu inapungua, maana zenyewe ndo zinatoa homoni inayoambia mwili utengeneze damu, na mwili ukikosa chuma hamu za ajabu kama hizo zinaweza kuja. Nikatibiwa na ile hamu ikaisha yenyewe polepole, bila kupigana nayo. Kwaiyo dada yangu unayejificha na udongo wako, mwambie nesi, na udongo wenyewe uache maana nao unabeba madini ambayo figo zako haziyawezi.

Kitu kingine ni muda. Hamu ikinikuta na njaa inanishinda, ikinikuta nimekula tunaelewana. Saa kumi na moja jioni natoka kazini Mtumba, foleni, nafika mtaani chipsi zinakaangwa, hapo usipokuwa na kitu tumboni hakuna ujanja. Kwaiyo saa kumi lazima nile kitu, andazi la nyumbani au tufaha. Na chipsi zenyewe napika nyumbani mara mojamoja, viazi namenya, nakata vyembamba, nachemsha maji mengi namwaga, nachemsha tena maji mapya namwaga, ndo nakaanga. Potasiamu inapungua sana, haiishi, kwaiyo ni kisahani tu na sio kila wiki.

Jumapili hii naenda kwa shemeji, kuna pilau. Pilau ni rafiki yangu mkubwa kwenye ugonjwa huu, mchele mweupe, bizari nzima, mdalasini, iliki ya kutosha, wala sioni kama nimenyimwa. Nimeshampigia shemeji mapema anitolee sehemu yangu kabla ya kuweka chumvi na kiungo cha pakiti, na viazi asiniwekee. Kasema sawa, ila kaniuliza kama limau nitabeba mwenyewe au anunue, nikamwambia anunue sita.