Baruku na Gombo Lililochomwa Moto

Tumsifu Yesu Kristo.

Uchaguzi wa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo umekaribia hapa Bagamoyo, na swali linalorudi katika vikao vyetu ni namna ya kutambua kama msukumo alio nao mtu ni wito wa Mungu ama ni hamu ya kuitwa mwenyekiti. Kwa juma hili nimechagua Yeremia 45, sura yenye aya tano tu, ambamo Mungu anasema na Baruku, karani wa nabii, aliyekuwa amechoka na kunung'unika: "Je! Unajitafutia mambo makuu? Usiyatafute."

Baruku alikuwa msomi, na nduguye Seraya alikuja kushika cheo kwa mfalme Sedekia, wakati yeye aliandika maneno ya mtu mwingine. Hata hivyo tusikimbilie kusema kwamba cheo ni dhambi, maana Seraya huyo huyo, akiwa katika safari ya kikazi, ndiye aliyepewa kupeleka unabii wa Yeremia mpaka Babeli (Yer. 51:59-64). Kipimo cha Baruku kimo katika sura ya 36. Gombo alilolisumbukia lilisomwa mbele ya mfalme Yehoyakimu, aliyekuwa ameketi karibu na moto kwa kuwa ulikuwa wakati wa baridi, naye akalikata kipande kwa kipande na kulitupa motoni mpaka likateketea lote. Baruku akapokea gombo jingine, akaandika upya yote yaliyoungua, na mengine mengi yakaongezwa. Tamaa ya ukubwa, kwa maoni yangu, haivuki hapo. Ikikosa watazamaji hutafuta jukwaa jingine.

Sisi wenyewe tukifika misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyoanza mwaka 1868, hukimbilia kupiga picha chini ya mbuyu, na makaburi tunayapita tu, ingawa wamo humo waliokufa kwa homa wangali vijana, kabla ya kuona matunda ya kazi yao.

Kwa hiyo anayetaka kupendekezwa na ajiulize mbele ya Ekaristi, bila haraka, ni kazi gani angeendelea kuifanya hata kama jina lake lisingetajwa kanisani. Majina ya wanaotaka uenyekiti tayari ni mengi. Watoto wa Komunyo ya Kwanza bado hawana mwalimu wa Jumamosi asubuhi, na hakuna aliyekuja kuniulizia nafasi hiyo.