Siku Moja Maishani Mwangu: Mimi na Matamvua ya Kome

Nikisema nachunguza samaki, watu wananielewa. Nikisema nachunguza matamvua, yaani viungo vya kupumulia, ya kome, yule mnyama wa majini mwenye magamba mawili, wanaguna. Hii ndiyo siku yangu ya jana, hapa Mwanza.

Saa 12 asubuhi niko ziwani, maji yamefika magotini, napapasa mchangani. Kome hujifukia, kwa hiyo anatafutwa kwa vidole. Mzee mmoja anayeanika dagaa akaniuliza, "Mwanangu, hao ni wa chakula cha kuku?" Hapana, baba. Wa kuku ni magamba matupu, mimi namtaka akiwa hai.

Saa 3 maabara: kuosha, kupima, kuandika namba.

Saa 4 nikapasua mmoja. Kome ana matamvua manne, mawili kila upande wa mwili. Kila tamvua ni kama shuka mbili zilizoshonwa pamoja kwa mistari, na kati ya mshono na mshono umebaki mrija. Maji huingia kwa vitundu vilivyo juu ya shuka hizo, hupanda mirijani, hutokea chumba cha juu, kisha nje. Yanasukumwa na silia, vinyweleo visivyoonekana bila hadubini. Nikanyunyiza unga wa mkaa kwenye kipande kibichi, chembe zikaanza safari zenyewe hadi ukingoni, kwenye mfereji unaopeleka chakula mdomoni. Hapo huwa naacha kila kitu nikatazama.

Saa 6 akaingia mgeni wa mradi uliotuomba kujua kama kome wa ufukwe ule wanazaa. Alitaka jibu kabla ya chakula cha mchana. "Si unafungua tu unaangalia? Tamvua likivimba, ana watoto."

Angekuwa anasema kweli ningemaliza saa 5. Ni kweli kwamba jike hulea mabuu ndani ya mirija ileile ya maji. Kome wa jenasi Coelatura huyaweka katika matamvua yote manne, wa jenasi Mutela katika yale mawili ya ndani. Lakini humo humo wanaishi utitiri wa majini, nao hutaga ndani ya nyama ya tamvua. Kwa macho, liwe buu au yai la utitiri, doa ni doa. Kwa hiyo namfungua kome milimita chache asife, nachoma sindano nyembamba, navuta tone moja, naliweka chini ya hadubini. Halafu mwingine. Halafu mwingine. Mgeni amesimama nyuma yangu, anatazama saa yake, anapokea simu, anauliza tumefikia wapi. Umeme ukakatika. Nikasogeza hadubini ya kioo dirishani, nikaendelea kwa mwanga wa jua, shingo inawaka moto.

Sikumbuki nilikula saa ngapi. Mgeni alipopoa nilimweleza habari ya Geoffrey Fryer, mtafiti Mwingereza wa viumbe wa majini, aliyefanya kazi Jinja, Uganda, na kuchapisha mwaka 1961 jinsi buu la Mutela linavyojishikiza kwa samaki aina ya Barbus na kumnyonya mpaka likue. Samaki wa kulibeba akiisha, tamvua la Mutela lililojaa mabuu halitaleta kome mpya hata mmoja. Akavuta kiti, akakaa.

Jua linazama ndipo nilipomkabidhi karatasi: baadhi wana mabuu, baadhi utitiri tu, baadhi hawana kitu. Akauliza kama anaweza kuandika "wanazaa vizuri." Nikamwambia hapana, andika kama ilivyo, na uulize pia kuhusu samaki.