Stakabadhi za kahawa sasa zinatafutika

Chama chetu cha msingi hapa Moshi kina makabati ya stakabadhi za kahawa zilizopigwa taipu. Mkulima akidai malipo, karani hupekua hadi jioni. Tuliziskani, lakini Tesseract, programu ya kusoma maandishi yaliyo kwenye picha, ikatoa herufi za ovyo. Kiini kilikuwa karatasi zilizopauka upande mmoja: kizingiti kimoja cha weusi (kiwango cha kuamua kipi ni wino na kipi ni karatasi) kwa ukurasa mzima kilifuta maneno. Nikatumia adaptiveThreshold ya OpenCV (maktaba ya programu za kuchakata picha), inayopima kila eneo dogo peke yake. Hiyo ndiyo iliyotuokoa! Kisha nikaskani kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) na kuongeza "-l swa", yaani lugha ya Kiswahili, maana bila hiyo Tesseract husoma kwa Kiingereza. OCRmyPDF, programu inayotumia Tesseract kutengeneza PDF, ikanyoosha kurasa na kuweka maandishi nyuma ya picha ili yatafutike. Yaliyoandikwa kwa mkono bado tunayachapa wenyewe.