Waya Uliogeuzwa
Jumamosi ile jioni spika zote tano za sinema ya nyumbani zilikuwa zimeshafungwa na sabufa, ile spika ya besi nzito, iko kwenye kona, lakini sauti haikuwa na mahali pa kukaa. Nilizima sabufa, nikaweka muziki utoke kwenye spika mbili za mbele tu, nikakaa kwenye kochi. Mwimbaji alitakiwa asikike katikati ya spika hizo kabisa. Badala yake alitawanyika chumba kizima, na besi ilikuwa imekonda.

Vipimo nilikuwa na hakika navyo. Kutoka kochi hadi kila spika ya mbele ni mita 2.6, na kati ya spika hizo mbili mita 2.6 vilevile, hivyo kila moja ilikuwa nyuzi 30 kutoka katikati. Zile za nyuma nilizielekeza kwenye kochi kutoka ubavuni, nyuzi 110, juu kidogo ya usawa wa masikio. Wengi huzisukuma hadi ukuta wa nyuma kwa sababu tu zinaitwa spika za nyuma, na mfumo wa 5.1, yaani spika tano na sabufa moja, unapoteza sauti yake ya kumzunguka msikilizaji.

Kaka yangu aliuliza kama spika imeungua. Iliyoungua hunyamaza au hukwaruza. Hii ilikuwa dalili ya waya uliogeuzwa, chanya mahali pa hasi: koni ya spika moja, ile sehemu inayotikisika, inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, na besi za pande mbili zinauana kabla hazijamfikia msikilizaji.

Nilizima risiva, yaani amplifaya inayoendesha spika zote, nikachomoa nyaya za spika upande wa risiva, maana betri haitakiwi kuigusa risiva hata kidogo. Nikagusisha betri ya volti 1.5 kwa muda mfupi sana, chanya kwenye waya wenye mstari, ambao ndio alama ya upande wa chanya. Koni ya spika ya kulia ikaruka mbele. Ya kushoto ikaingia ndani. Waya ule ulikuwa na mstari mwembamba uliofifia, nami nilikuwa nimeufunga gizani nyuma ya meza ya runinga. Niliugeuza, nikasokota ncha vizuri kabla ya kuirudisha, kwa sababu uzi mmoja tu wa shaba ukigusa tundu la jirani, risiva hujizima.

Mwimbaji akarudi katikati. Niliurudia wimbo ule mara tatu kwa furaha.

Ikabaki sabufa. Kule konani noti nyingine zilivuma na nyingine zilipotea. Tuliibeba tukaiweka juu ya kochi, pale pale pa kukalia, tukapiga besi ya kujirudia, nami nikatambaa kufuata kuta nikisikiliza kichwa kikiwa chini. Noti zote zilipolingana, hapo ndipo pake: ukuta wa mbele, kama theluthi moja kutoka kona ya kushoto.

Mwisho maikrofoni ya risiva ilipima chumba. Ilizitaja spika za mbele kuwa "kubwa"; nikazibadili kuwa "ndogo" na kukata zote kwenye Hz 80, ili besi nzito iliyo chini ya hapo iende kwenye sabufa. Sabufa yenyewe risiva iliiandikia umbali wa mita 4.1 kutoka kochi, ingawa futi kamba ilisema 2.9. Kaka alitaka nisahihishe. Niliiacha, kwa kuwa mitambo ya ndani ya sabufa huchelewesha sauti kidogo, na risiva huuhesabu ucheleweshaji huo kama umbali.