Kashapona au bado?

Kila anayepiga simu swali ni hilohilo, vipi, kashapona? Na mi jibu la neno moja sina. Mdogo wangu ana sikoseli toka kuzaliwa, kapandikizwa uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma, aliyemchangia ni kitinda mimba wetu. Tulipimwa wote, ndugu wa baba mmoja mama mmoja uwezekano wa kufanana aina ya tishu ni mmoja kwa wanne tu, mi nikakosa dogo akafanana. Sasa wamerudi Dar, tupo nyumbani Tabata tunasubiri.

Watu wanadhani ni operesheni, hamna kisu pale jamani. Anapigwa kwanza kemo kali, dawa zilezile za saratani, ya kuua uloto wake, nywele zikaisha, mdomo ukajaa vidonda hata uji haupiti, halafu seli za dogo zikaingia kwa dripu, ukitazama utasema anaongezewa damu tu. Basi, mnakaa mnasubiri zishike. Mama alikuwa nae kule, kila asubuhi anatuma namba moja kwenye grupu la familia, hamna salamu hamna nini, maana zile chembe nyeupe za kupambana na vijidudu wanataka zivuke 500 na zisishuke tena. Leo 40, kesho 30. Baba ambaye meseji zote alikuwa anasomewa akajifunza kufungua wasapu mwenyewe. Siku ilipokuja 610 mjomba katuma voisi, ukiisikiliza ni kilio mwanzo mwisho.

Ila kazi yenyewe ni huku nyumbani. Kinga yake inajengeka upya, mpaka chanjo za utotoni atakuja kurudia, na anameza dawa za kuishusha hiyohiyo kinga ili seli za dogo zisije zikaugeukia mwili wake, mgeni akampiga mwenye nyumba. SGR tulikatazwa sababu ya msongamano, tukakodi gari. Kachumbari hali, chipsi za barabarani hali, juisi ya miwa ndo kabisaa, na analalamika kutwa nzima, mi nafurahi maana kule Dodoma alifika mahali hasemi kitu.

Sasa kwetu mgonjwa anatazamwa, ukimzuia mtu mlangoni umemtukana, na mlango wamenipa mimi. Shangazi katoka Tanga na kiroba cha machungwa na mafua yanamtiririka, "mie si mgeni hapa, huyu nimemlea." Shikamoo shangazi, marahaba, kaa hapa barazani, ndani huingii. Akanuna! Ikabidi nimpigie mgonjwa video, huyu barazani yule chumbani, ukuta mmoja tu katikati, wakapiga stori mpaka bando langu likakata.

Maumivu ya mifupa hayajarudi mpaka leo, ila daktari hajasema kapona na mi silitamki. Wiki hii tuna kliniki, watapima damu waone seli za dogo zimefika asilimia ngapi. Mnaotaka kuja pigeni simu kwanza, na mwenye mafua abaki kwake, hata kama ni shangazi.