Nilivyokusanya mialoni sita ya fedha

Sarafu yangu ya kwanza niliinunua Hamburg, kwenye gulio la vitu vya zamani. Ilikuwa ndani ya bakuli moja na vifungo vya makoti na funguo zilizopotelewa na makufuli yake. Upande mmoja una tai, upande wa pili mti wa mwaloni uliotanua matawi. Ni ya Reichsmark 5, pesa ya Ujerumani ya wakati huo, mwaka 1931. Nilipoishika, uzito wake ulinikaa kiganjani nikashindwa kuirudisha.

Nyumbani niliisugua kwa dawa ya meno mpaka ikang'aa. Hilo nalijutia hadi leo. Ule weusi mwembamba uliokuwa umeganda kwenye manyoya ya tai ulichukua miaka zaidi ya tisini kujijenga, nami niliuondoa kwa dakika tano. Mkusanyaji mzoefu huitambua sarafu iliyosuguliwa papo hapo: ukiiweka chini ya kioo cha kukuzia utaona mikwaruzo midogo mingi iliyolala upande mmoja. Siku hizi sizigusi kwa maji wala kitambaa. Nazishika ukingoni tu.

Nikaamua kutokusanya ovyo. Sarafu za fedha za enzi ya Weimar, yaani jamhuri ya Ujerumani kabla ya Wanazi, ni nyingi, zikiwemo za kumbukumbu: ya mchoraji Dürer ya 1928, ya mwandishi Lessing ya 1929, ya meli ya anga Graf Zeppelin ya 1930, na ya mshairi Goethe ya 1932, ambayo ile ya marki 5 ni adimu na bei yake siiwezi. Mimi nikashikilia mwaloni peke yake. Ulitolewa kuanzia 1927 hadi 1933, na kila sarafu ina herufi ndogo ya kiwanda ilikotoka. A ni Berlin, D Munich, E Muldenhütten, F Stuttgart, G Karlsruhe, J Hamburg. Nilitaka herufi zote sita, mwaka wowote.

D niliuziwa bandia. Ilikuja kwa posta, picha zake zilikuwa nzuri kabisa, lakini nilipoiweka mezani mlio wake ulikuwa butu. Sumaku ikaidaka. Mizani ikasoma gramu 21, wakati mwaloni halali una gramu 25 na kipenyo cha milimita 36. Muuzaji hakujibu tena ujumbe wangu. Tangu siku hiyo natembea na mizani ndogo ya sonara mfukoni, na asiyekubali nipime simpi pesa yangu.

Mizani hiyo hiyo ndiyo iliyonifungulia jambo ninalolipenda kuliko yote. Mwaka 1923 pesa ya karatasi ya Ujerumani iliporomoka hadi marki trilioni moja zikawa sawa na Rentenmark moja tu, pesa mpya iliyoletwa kuizuia. Mwaka uliofuata sarafu za fedha zikarudi mifukoni mwa watu. Nilipopima sarafu za Reichsmark nikakuta ya marki 1 ina gramu 5, ya 2 ina 10, ya 3 ina 15, ya 5 ina 25. Nusu ya uzito huo ni fedha halisi, yaani kila marki ina gramu 2.5. Kisha ikaja sarafu mpya ndogo ya marki 5, gramu 13.88. Nilidhani wananchi walipunjwa. Lakini hiyo ina fedha asilimia 90: zidisha, unapata karibu gramu 12.5 zile zile za mwaloni! Nilirudia hesabu mara tatu usiku ule.

Hizo ndogo sizikusanyi. Kuanzia 1936 tai wa sarafu ya marki 5 amebeba swastika, alama ya Wanazi, nami sitaki alama hiyo ndani ya sanduku langu. Nimeishia 1933.

Herufi ya mwisho kuipata ilikuwa G. Niliitafuta miezi kumi na nne. Nikaiona Jumapili moja kwa mzee aliyekuwa anauza vyombo vya jikoni, nyeusi karibu kama sufuria, na hakuna aliyekuwa ameigusa. Nikamwomba ruhusa nipime. Akasogeza vikombe pembeni kunipisha, akainama tusome pamoja. Gramu 24.9. Akasema ilikuwa ya mama yake na kwamba hajawahi kuisafisha. Nilimshika mkono kwa mikono yangu yote miwili.