Herufi T Nyekundu na Tovuti ya Chama Chetu

Nilipotembea kwa mara ya kwanza katika uwanda wa Hardangervidda, kusini mwa Norwei, ukungu ulishuka ghafla kama unavyoshuka kwetu katika uwanda wa Kitulo, na kwa muda sikuweza kuona zaidi ya hatua kumi mbele yangu. Kilichonivusha ni herufi T iliyopakwa kwa rangi nyekundu juu ya jiwe, kisha nyingine, kisha nyingine. Kila nilipofikia moja nilisimama mpaka nikaiona inayofuata. Mojawapo ilikuwa na rangi mpya juu ya mabaki ya rangi kuukuu, na nikamfikiria mtu aliyefika pale na kopo na brashi, akapiga magoti kwenye jiwe lenye unyevu kwa ajili ya mpita njia asiyemjua.

Alama hizo ni za Den Norske Turistforening, chama cha watembea milimani kilichoanzishwa mwaka 1868, chenye wanachama zaidi ya 300,000 na vibanda zaidi ya 500 vya kulala wageni. Sehemu kubwa ya kazi ya kutunza njia hufanywa na wanachama wanaojitolea. Vibanda vingi havina mhudumu: mwanachama hufungua kwa ufunguo wa chama, hupika chakula alichokikuta stoo, kisha huandika alichotumia na kukilipia bila kusimamiwa na mtu. Tovuti yao ya njia, UT.no, imejengwa kwa moyo huohuo, kwa maana kila njia ina ramani yake, urefu wake, ugumu wake na muda wa kuitembea, na msomaji hahitaji kupekua kurasa za sifa za chama ili avipate.

Chama chetu cha waongoza wageni hapa Tukuyu, kusini-magharibi mwa Tanzania, ni kidogo mno kulinganishwa na hicho, lakini mgeni wetu anahitaji mambo yaleyale. Tovuti yetu ya kwanza ilitengenezwa na fundi mmoja wa mjini, ambaye alisajili kikoa, yaani anwani ya tovuti, kwa jina lake mwenyewe, akabaki na nywila zote, na alipoacha kupokea simu hatukuweza kubadilisha hata neno moja. Ukurasa wa mbele ulikuwa na picha kubwa zinazopishana, moja ikiwa na megabaiti sita. Siku moja ya mvua nilisimama Mchangani, mahali pa kuanzia safari ya Ziwa Ngozi, pamoja na dada mmoja aliyetoka Iringa, tukiutazama mstari mwembamba wa kivinjari ukijikokota juu ya kioo cha simu yake huku bando likiisha. Ukurasa ulipofunguka hatimaye, ulisema njia ni nzuri. Mti ulikuwa umeanguka wiki mbili kabla, na njia ya kuuzunguka ilikuwa tope tupu. Jambo hilo liliniuma sana, kwa kuwa maneno yale yalikuwa na jina la chama chetu juu yake.

Tulianza upya kwa WordPress, programu ya chanzo huria ya kujengea tovuti ambayo haidai ada ya leseni, ingawa kikoa na nafasi kwenye seva hulipiwa kila mwaka. Safari hii kikoa cha .or.tz kimesajiliwa kwa jina la chama, na nywila zimeandikwa katika daftari linalofungiwa kabatini kwa katibu. Tuliondoa picha zinazopishana, na zilizobaki tukazipunguza hadi chini ya kilobaiti 100. Mstari wa kwanza wa kila njia ni tarehe na hali yake. Mwongozaji akishuka mlimani humpigia simu katibu, naye huandika siku hiyohiyo, jambo ambalo lina uzito mkubwa zaidi kati ya Novemba na Mei, mvua zinapobadilisha njia kila wiki. Ramani tumeichukua OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuichangia, ambako sisi wenyewe tulichora kijia cha kwenda Ngozi baada ya kukirekodi kwa simu.

Upande wa michango ndio uliotusumbua, kwani vifaa vingi vya kupokelea pesa kwenye tovuti vilivyo tayari vimetengenezwa kwa kadi za benki, ilhali watu wetu hutoa kwa simu. Tuliviacha vyote, tukaweka namba ya malipo na jina la chama kwa herufi kubwa.

Wanorwei wana kanuni tisa za milimani, na ya nane inamtaka mtu ageuke mapema, kwa kuwa kurudi si aibu. Tumeiandika kwa Kiswahili chini ya kila njia, na mwongozaji mmoja mzee ameomba iongezwe kwa Kinyakyusa, kwa sababu vijana wanaobeba mizigo ndio wanaoona aibu zaidi kusema kwamba hali imekuwa mbaya. Kuhusu rangi, bado tunazungumza na wasimamizi wa hifadhi ya msitu ili turuhusiwe kuweka alama mahali njia ya Ngozi inapogawanyika, ambapo wageni hupotea mara nyingi.